Khalfan Mbwana na Tetere wa Kiyoyozi

Khalfan bin Mbwana bin Kassim bin Mwinyihatibu, mtu wa Mkwaja, Pangani. Babu yake, Kassim, ndiye aliyeokota kuku wa watu akamrudisha kwa miguu mpaka Pangani mjini, na alipofika akaambiwa kuku si wao, akarudi naye. Baba yake, Mbwana, aliadhini msikiti mmoja maisha yake yote. Mara moja tu katika maisha hayo usingizi wa alasiri ulimpitia, na siku hiyo Mkwaja nzima ilichelewa kufuturu, hakuna aliyethubutu kutia tende mdomoni kabla ya Mbwana. Khalfan mwenyewe aliendesha lori la mkonge, kisha akavuka kuja Doha. Akawapeleka shule watoto wa nyumba moja ya Al Rayyan mpaka wakakua, wakanunuliwa magari yao, wakaanza kumpita barabarani bila kumpigia honi. Na ni yeye huyu aliyekaa bila kiyoyozi kwa ajili ya ndege. Nimekaa Qatar tangu Kornishi, ile barabara ya ufukweni, haijawa na maghorofa, na sijasikia mwingine aliyefanya hivyo kwa hiari.

Mimi ni mpishi wa nyumba hiyohiyo. Dirisha la jiko langu linatazama uani, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona. Ambayo sikuyaona niliuliza, na mimi nikiuliza hujibiwa.

Watu hudhani kazi ya dereva wa nyumba ni kuendesha. Kazi yake ni kukaa. Anakaa amevaa, viatu miguuni, ufunguo mfukoni, akisubiri aitwe, na kuitwa kwenyewe hakuna saa. Wengine hukaa na simu. Khalfan alikuwa na kiti chake cha plastiki chini ya mkunazi, kati ya gereji na chumba chake cha uani, na kwa kuwa macho hayakai bure, alitazama ndege. Mwanzo aliwatazama kama mtu anavyotazama wapita njia. Baadaye akawa anawajua kwa tabia.

Baridi ya Doha huanza Desemba, nayo ni baridi ya kweli, Khalfan akiivalia koti la mtumba lenye manyoya shingoni, akionekana kama mtu aliyeshuka meli isiyo yake. Siku hizo uani huja ndege wembamba, weusi kwa weupe, wanaotembea majanini huku mkia ukipanda na kushuka kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Khalfan aliwaita makarani. Huja na hudihudi mwenye kilemba, anayechokoa nyasi kama kadondosha pete. Umm Jasim, mama mwenye nyumba, hakutaka hudihudi abughudhiwe, kwa heshima ya Nabii Suleiman, hata akichimbua maua aliyoyapanda kwa gharama. Shore wenye mashavu meupe wapo mwaka mzima, nao huingia jikoni kwangu kuiba tende, wakitazamwa hawaoni haya. Kisha kuna wale weusi wenye miguu ya njano, asili yao Bara Hindi, wanaotukanana juu ya ukuta kutwa nzima. Hao Shamira aliwaita wabunge.

Shamira ni binti wa Masaka, Uganda, anayesafisha nyumba. Ulimi wake hauna kituo.

Mwaka huu mwezi wa mfungo uliangukia mwisho wa baridi. Koti la Khalfan lilikuwa limeanza kubaki mgongoni mwa kiti. Makarani wakapungua majanini, asubuhi moja wakawa hawapo, na juu ya tangi la maji mbayuwayu wakaanza kupita makundi kwa makundi wakielekea kaskazini.

"Wanakwenda kwao," Khalfan akasema. "Wana likizo kuliko sisi."

Ndipo akaja tetere. Tetere ni wengi Doha, hakuna asiyewajua. Lakini huyu alichagua kiyoyozi cha chumba cha Khalfan. Ni kiyoyozi cha zamani, cha dirishani, mgongo wake umetokeza nje uani chini ya kibati cha kukinga jua. Tangu Desemba kilikuwa kimezimwa, kimetulia, na tetere akakiona ni mahali pa heshima. Akaanza kuleta vijiti. Ukikiona kiota cha tetere utamhurumia: vijiti vichache, na vilivyobaki ni imani.

"Kwetu Masaka hata kuku anatengenezewa vizuri kuliko hii," Shamira akasema.

Sasa lazima niseme habari ya Mwanahamisi. Ni mtoto pekee wa Khalfan, yuko Tanga na mumewe. Alikuwa mjamzito, na mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Khalfan hakulizungumza jambo hilo, ila kila simu ya Tanga ilipolia alisimama wima kwanza ndipo akapokea. Siku hiyo Mwanahamisi alipiga kusema amevuka mwezi ule ambao zile nyingine zilimtoka. Khalfan akakaa. Tetere akapita mbele yake na kijiti mdomoni. Basi Khalfan, na funga yake, akainua mikono, akasema kwa sauti, maana alidhani yuko peke yake:

"Mola wangu, ukinivushia mwanangu salama na alichobeba, mimi sitawasha kiyoyozi hiki mpaka tetere huyu amalize kulea."

Nilikuwa naosha mchele dirishani. Nikafungua kioo.

"Bwana Khalfan, umesema mpaka amalize kulea?"

"Unanisikiliza dua zangu, Bi Rehema?"

"Nimesikia, sikusikiliza. Hukutaja mara ngapi."

"Mara ngapi nini?"

"Atalea mara ngapi."

"Atalea mara moja. Ndege ni ndege."

Mimi nimefuga njiwa Makunduchi tangu ujana wangu. Njiwa akimaliza hajamaliza. Lakini nadhiri ikishatoka mdomoni imetoka, nikamwambia haya, nikafunga kioo.

Kosa lingekuwa dogo lau lingeishia hapo. Khalfan alitaka tetere wake alee upesi, kwa hiyo akaanza kumlisha. Alichukua ngano ya harisi, ile niliyoichagua mimi kwa mkono punje kwa punje kwa futari ya Umm Jasim, akawa anaimwaga chini ya dirisha kila asubuhi, na sahani ya maji pembeni. Nilipomuuliza alisema mwenye kunyonyesha lazima ale. Tetere hakuwa akinyonyesha. Na nawaambia, hata mimi ningelishwa hivyo nisingehama.

Mayai yakawa mawili. Vikaanguliwa vitoto viwili vibaya sana, vya manjano, vyenye mdomo mpana kuliko kichwa. Khalfan akawa anasimama dirishani akivitazama kwa mbali, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mpaka Idi inaingia vilikuwa vimeota manyoya, na asubuhi ya Idi vikaruka mpaka kwenye mkunazi, kimoja vizuri, kingine kama mtu aliyesukumwa.

"Haya," nikamwambia. "Kiota kitupu. Kitoe sasa hivi, uage nadhiri yako, uwashe kiyoyozi."

"Leo ni Idi, Bi Rehema. Mtu havunji nyumba ya mtu siku ya Idi."

Siku ya pili Umm Jasim alikuwa na ziara za kuamkia ndugu zake, na ana ndugu wengi, na kila mmoja ana kahawa. Khalfan alirudi usiku. Mpaka alipopata nafasi ya kusogeza kiti dirishani, lilikuwepo yai. Jeupe, dogo, limekaa katikati.

"Amalize kulea," nikasema.

"Nimesikia."

Mwezi wa nne Doha haibishi hodi. Leo unalala na shuka, kesho unalala na kujuta. Chumba cha Khalfan kina bati juu na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Alilala mlango wazi na kijifeni cha mezani kilichozungusha joto lilelile kutoka upande huu kwenda ule. Akakonda. Mchana, saa ambazo zamani alijinyoosha kitandani, alianza kujitolea kwenda dukani, maana gari lina kiyoyozi na gari halina nadhiri. Lakini ni mtu mwaminifu, hakukaa garini bila kutumwa. Kwa hiyo ilimpasa atumwe. Alikuja jikoni akiniuliza kama mkate umekwisha. Tulikuwa na mikate ya kulisha mtaa wa Al Mansoura wote.

Nilimshauri amuulize shekhe. Akapeleka ujumbe wa sauti Mkwaja, mrefu, wenye habari za tetere tangu kijiti cha kwanza. Shekhe akajibu kwa kifupi: nadhiri ni deni, anayeshindwa ana kafara, alishe maskini kumi, asipoweza afunge siku tatu.

"Basi lisha," Shamira akasema. "Maskini kumi tuko hapa hapa. Anza na mimi."

"Mwanangu hajajifungua," Khalfan akasema. "Nimvunjie Mungu ahadi huku naye bado ameshika mkono wa mwanangu?"



Sasa ikaja siku ya vumbi. Upepo wa shamali uliamka asubuhi, jua likawa kama sahani ya shaba, na Khalfan alikuwa amempeleka Umm Jasim kliniki na kurudi. Akaja mlango wa jikoni kuomba maji. Uso wake ulikuwa rangi ya jivu. Hakukaa kitini, alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akashika gilasi kwa mikono miwili.

"Mzee, wewe utakufa juu ya ndege," Shamira akamwambia.

"Sijafa."

"Hata aliyekufa jana alisema hivyo."

Akatoka. Nilidhani kaenda kuanua nguo. Kumbe kaenda chumbani kwa Khalfan, akachomeka plagi, akabonyeza swichi. Kiyoyozi kilichokaa kimya tangu Desemba kikanguruma kama lori la mkonge kwenye mlima. Dirisha likatetemeka. Vumbi likaruka, manyoya yakaruka, na tetere akaruka.

Sijui Khalfan alisimama vipi. Alikuwa sakafuni, kisha alikuwa uani, kisha plagi ilikuwa mkononi mwake. Kukawa kimya. Tetere alikuwa juu ya ukuta wa jirani, shingo ndefu, akitutazama. Mayai mawili yalikuwa yamesogea mpaka ukingoni mwa vile vijiti.

"Mimi niliona huruma," Shamira akasema. "Tena wewe hukuwasha, mzee. Ni mimi. Wewe uliapa hutawasha, na hukuwasha. Haihesabiki."

"Tetere kajua nani kawasha?"



Tukasimama. Khalfan alitufanya turudi nyuma, tusimame nyuma ya kiti, tusiseme. Vumbi linatuingia machoni. Umm Jasim akaita kutoka ndani, alikuwa kasahau dawa zake kliniki, anataka arudishwe. "Khalfan!" Akaita tena. Khalfan akajibu, bila kugeuza kichwa, "Dakika, mama." Tangu niijue nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kumwambia Umm Jasim dakika. Akatoka mwenyewe na bakora yake, akatukuta watu wazima watatu tumesimama kwenye vumbi tunatazama dirisha. Akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kiarabu changu, habari yote, mtoto wa Tanga, nadhiri, mayai, swichi. Akatuita kwa Kiarabu majanin, yaani wendawazimu. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki, akajifunika shela puani, akatazama na yeye.

Tetere akashuka kwenye mkunazi. Akapanda tena ukutani. Akashuka. Alikaa juu ya kibati, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Halafu akaingia, akayasogeza mayai kwa kifua, akayakalia.

"Khalas, ameingia," Umm Jasim akasema. "Gari."

Jioni ile alimpelekea Khalfan feni kubwa ya hema, ile ya kupulizia wageni wa harusi. Ukiiwasha, nguo zilizoanikwa chumbani zinasimama.

Lakini Khalfan hakuwa na raha. Mayai hayo huenda yamepoa, alisema, na kama yamepoa basi yeye amesababisha. Nilimwambia aliyesababisha ni Shamira. Akasema chumba ni chake. Siku zikaja ambazo Mwanahamisi alikuwa anahesabiwa kuingia hospitali wakati wowote, na Khalfan hakumpigia. Aliogopa. Alikaa chini ya mkunazi, simu pajani, akitazama dirisha. Keremkerem walipita juu wakiitana, kundi kubwa, rangi zote, Umm Jasim mwenyewe alitoka kuwaona. Khalfan hakuinua kichwa. Na Shamira alifagia upande ule wa ua mara nyingi kuliko ulivyochafuka, midomo ikicheza. Nilipomkaribia nikasikia anasoma dua. Alimuogopea mtoto wa Tanga ambaye hakuwahi kumuona, maana mkono uliobonyeza swichi ulikuwa wake.

Yai moja likaanguliwa. Kesho yake la pili.

Simu ikalia alfajiri moja, baada ya sala, nikiwa nakanda unga. Khalfan akasimama wima, akapokea. Alikuwa mkwe wake. Nilimwona anasikiliza. Kisha akaweka simu juu ya boneti la gari taratibu, akasujudu palepale kwenye vigae, uso kuelekea gereji. Baadaye akajirekebisha, akaelekea kibla.

Mtoto wa kike. Mzima, na mama yake mzima.

Shamira alilia mpaka Umm Jasim akatuma mtu kuuliza nani kafa.

Ungedhani mambo yamekwisha hapo. Nami nilidhani. Vitoto vya pili vikakua, vikaruka bila sherehe, na alasiri ile Khalfan hakuwa ametumwa popote. Nikamwona anasogeza kiti chake chini ya dirisha. Akapanda. Akapeleka mkono mpaka kwenye kiota, akaushikilia pale. Tetere alikuwa ukutani, amekaa, anamtazama, hana neno. Khalfan naye akamtazama. Wakatazamana muda ambao vitunguu vyangu viliungua. Kisha akateremka, akakirudisha kiti mkunazini.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Nimekuta yai."

Mimi nina macho. Kile kiota kilikuwa kitupu kama kiganja changu. Lakini sikusema, na kesho yake yai likawepo kweli, kwa hiyo hakuongopa, alitangulia tu.

Umm Jasim akampa tiketi ya kwenda kumwona mjukuu wake, na likizo ndefu. Badala yake akaletwa Philipo, Mkenya wa Bungoma, kijana mkubwa wa mabega aliyekuwa anaendesha watu Al Mansoura. Alifika na begi mgongoni, jasho limemlowesha shati, akaingia chumbani moja kwa moja kutafuta swichi.

"Mzee, hii AC inafanya?"

"Inafanya."

"Sasa mbona umeichomoa? Ama unataka kuniua kabla nianze job?"

Khalfan akamkalisha, akamweleza. Philipo alisikiliza mpaka mwisho, akijipepea na pasipoti yake.

"Pole na hongera, mzee. Lakini kwani ni mimi niliapa?"

"Hukuapa."

"Na mtoto ashazaliwa."

"Kazaliwa."

"Basi si hiyo stori imeisha?"

"Mungu kanilipa kabla sijamaliza kazi," Khalfan akasema. "Mtu aliyelipwa kwanza akatoroka, kwenu anaitwaje?"

"Kwetu? Fundi."

Shamira alicheka mpaka akaketi. Khalfan hakucheka. Alimsubiri Philipo, na Philipo akatazama dirisha, ambako tetere alikuwa amekaa juu ya mayai yake ya mara ya tatu, mkia umegusa kioo. Akatazama ile feni ya hema. Akaiwasha, ikampeperusha kofia.

"Hata sisi kule kanisani Mesaimeer Ijumaa tunaambiwa nadhiri si mchezo," akasema. "Haya. Nifanye nini?"

Khalfan alikuwa ameshafunga mizigo. Akamtoa uani, akamsimamisha chini ya dirisha. Shamira alikuwa anapakia begi garini na mimi nilikuwa mlangoni na kifurushi cha halua ya mzazi, kwa hiyo alisema sote tukisikia.

"Ngano basi. Bi Rehema asikupe hata ukiomba. Maji peke yake. Hawa watakaoanguliwa wakisharuka wote wawili, siku hiyohiyo, usingoje kesho, hata kama ni Ijumaa, hata kama ni sikukuu yenu, weka kiti hapa, panda, toa kile kiota. Yeye atakaa pale ukutani akutazame. Wewe usimtazame."

"Mbona hukutoa mwenyewe?"

"Nimemzoea. Nimepanda nikashindwa. Kazi hii inataka mgeni, nawe ukikaa sana utakuwa kama mimi, kwa hiyo ni safari hii tu, usimwache atage tena."

"Nikitoa, niwashe?"

"Uwashe. Na ukishawasha unipigie Tanga, saa yoyote, uisogeze simu dirishani nikisikie kinanguruma. Nisipokisikia nitajua bado nadaiwa."